Gari Lisilorudi Nyuma

Mimi nashona mapazia. Nusu ya mtaa huu wanalala nyuma ya mapazia yangu, na gari lile nililinunua kwa jasho la cherehani, sikuomba mtu. Ndiyo maana siku nilipoliingiza mtaani nilipiga honi mwanzo mpaka mwisho, majirani wakatoka na miko mikononi. Nani kama mimi!

Jioni hiyohiyo nikataka kulitoa langoni kwa jirani, nilikokuwa nimeliegesha. Nikatia gia ya kurudi nyuma. Likanguruma, halikwenda. Nikatia tena. Wapi! Majirani walewale wakaja kulisukuma, huku wakicheka waziwazi.

Hapo nikaelewa kwa nini muuzaji alikuwa ameliegesha likitazama barabara. Siku ya kulijaribu niliomba kulirudisha nyuma, akasema, "Ya nini, mama? Zunguka tu uwanja." Akaapa kwamba halina kasoro hata moja.

Kesho yake nikamwendea. Akacheka. "Umejuta tu, mama. Gia umeiharibu mwenyewe. Gari limekushinda."

Limenishinda mimi! Nikaenda moja kwa moja kwenye ofisi inayotetea wanunuzi. Ofisa hakuzunguka: aliyejuta tu harudishiwi pesa, aliyedanganywa anarudishiwa. Ila shahidi ninaye?

Ninaye. Mmoja tu. Wifi yangu.

Sasa, mimi na wifi hatuivi chungu kimoja tangu kaka yake aliponioa. Siku ile ya kulijaribu gari alikaa kiti cha nyuma, mdomo kaubetua, ananung'unika, "Usinunue. Gari hili lina kitu." Na uendeshaji wangu ameushambulia kwenye kila harusi na kila msiba wa ukoo. Leo nikamwombe huyu! Nilifika mlangoni kwake nikageuka, nikafika kona, nikarudi.

"Wifi, ulisema kweli. Nisaidie."

Alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Ngoja nivae viatu," akasema.

Ofisini muuzaji alikuwa kakunja nne, katulia tuli. "Huyu mama hajui kuendesha," akamwambia ofisa. "Muulize hata ndugu yake huyo."

Kama kuna mtu duniani angefurahi kulijibu swali hilo, ni wifi yangu.

Akasimama, akatengeneza mtandio. "Nilikuwemo garini. Wifi yangu aliomba kulirudisha nyuma, wewe ukamkatalia. Ukaapa halina kasoro, kwa masikio yangu haya." Akameza mate. "Na kuhusu kuendesha, anapiga honi kupita kiasi, hilo kweli. Lakini ukoo mzima hatuna dereva kama yeye. Mimi nikiumwa, nataka yeye ndiye anipeleke hospitali."

Miaka yote hiyo hajawahi kunisifia hata chumvi ya mchuzi! Nilitazama dari, maana machozi yalikuwa karibu. Muuzaji akakunjua mguu. Ofisa akamwamuru alichukue gari lake na arudishe pesa zote, na akazirudisha.

Tulirudi kwa miguu, bega kwa bega. Nilikuwa nimeinua kichwa kuliko hata ile siku ya honi. Tulipoingia mtaani, majirani wamejaa vibarazani, wifi akashindwa kujizuia.

"Lakini si nilikuambia?"

"Uliniambia, wifi!" nikajibu kwa sauti, mtaa mzima usikie.