Upande wa Pili wa Santuri

Saa nne na robo asubuhi fundi cherehani alikuwa akishona kola ya sare ya shule pale jicho lake la kushoto lilipoanza kutoa machozi. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akasogeza kitambaa kisilowe, akachukua taulo iliyoning'inia msumarini. Jicho la kulia nalo halikukawia. Hakuwa na huzuni yoyote. Alikuwa akiwaza vifungo.

"Leo wameamka mapema," alimwambia mteja.

Mteja alisubiri. Dakika saba baadaye macho yalikauka na kola ikaendelea. Wateja walishazoea. Ila kitambaa cheupe hawakumletea tena, maana chumvi huacha alama, na wenye hariri walishahamia kwa fundi mwingine. Akiendelea hivi, angebaki na viraka.

Daktari wa macho alimpima mara moja tu. "Mama, macho yako mazima kabisa," alisema. "Machozi ni yako, ila anayeyatoa ni mtu mwingine." Akaandika hivyo kwenye kadi, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Mdogo wake, mpiga gitaa aliyeishi chumba cha pili, alimjua huyo mtu mwingine. Miaka miwili nyuma, dada yake alipofiwa na mwanawe wa pekee, yeye na bendi yake walikuwa wakitengeneza albamu ya roki ya majaribio. Nyuzi na ngoma zilikuwa zimewachosha, wakawa wanarekodi vyombo vya nyumbani. Kuta zina masikio, lakini ule wa kati alikuwa ameubandika kinasa sauti, akitafuta mlio wa bomba la maji. Akampata dada yake akilia. Angeweza kukizima. Alikiacha dakika saba, akaipunguza kasi ile sauti, akalilaza gitaa juu yake, ukawa wimbo wa mwisho upande wa pili.

Santuri zikachapwa mia tatu. Wachambuzi wakauliza ile ilikuwa ala gani, naye akajibu kwamba ni siri ya studio. Nyuma ya jalada aliwashukuru watu kumi na mmoja, pamoja na paka wa mpiga ngoma.

Tangu hapo fundi hakulia tena kwa hiari yake. Alilia santuri ilipopigwa, popote ilipopigwa.

Sasa kampuni ilitaka kuchapa elfu tatu nyingine, na karatasi zilingoja saini jioni ile. Uso umeumbwa na haya, na wa mpiga gitaa ulikuwa ukimwaka tangu alfajiri. Alibeba kinanda cha santuri hadi chumbani kwa dada yake akiwa na nia ya kukiri, kisha akaufute ule wimbo.

"Dada, kuna kitu nataka usikie."

"Upande wa pili?" aliuliza fundi bila kuinua kichwa.

Mpiga gitaa akaketi kwenye benchi la wateja. "Umejua lini?"

"Ukiupiga wewe, ukuta unatetemeka na mimi nalia. Hilo nalo linataka shule?" Alikata uzi kwa meno. "Kuna mmoja, kila Ijumaa jioni, huusikiliza mpaka mwisho. Wengine huinua sindano katikati, machozi yananikwama, kichwa kinaniuma. Yule hunimaliza, nikalala vizuri. Unamjua?"

"Simjui."

"Ukikutana naye, msalimie."

Mpiga gitaa akaweka sindano juu ya santuri. Fundi alilia na taulo yake, akisikiliza kwa makini. Dakika ya tano aliinua kidole.

"Hapo namwita mwanangu."

Mpiga gitaa alikuwa amedhani ni pumzi. Alikuwa ameiongeza sauti kwa sababu iliingiana vizuri na gitaa.

"Na wimbo umeuitaje?"

Alifunika jalada kwa kiganja. "Jaribio la Nne."

"La nne." Fundi alijifuta shingo. "Yale matatu yalikuwa ya nani?"

"Feni. Mlango wa kabati. Kengele ya baiskeli."

"Ahaa," alisema fundi, akarudi kwenye kola.

Neno la kuomba radhi alikuwa nalo mdomoni tangu asubuhi. Lililotoka ni hili: "Watu wameupenda sana, dada." Alijionea aibu hata ya kusimama, lakini alisimama.

Jioni, ofisini, mchapaji alimwuliza kama kuna cha kubadilisha. Chini ya jina la paka palikuwa na nafasi ya mstari mmoja. Akasema hakuna, akatia saini. Akarudi na taulo nne za rangi nyeusi, na fundi akamshukuru.

Siku hizi fundi anashona makoti ya mvua, ambayo hayadhuriki kwa maji. Ijumaa jioni hufunika cherehani, akaketi kumngoja yule mmoja. Ukutani upande wa pili, mdogo wake huketi akiwa ameziba masikio. Kazi hiyo inataka mikono yote miwili, kwa hiyo hajapata wa kubishia hodi.