Maji ya Shamba ya Mawese

Katika kambi yote ya Dzaleka, hapa Malawi, hakuna mutu anajua udongo wa mawese kunishinda. Mi nauonja tu kwa ulimi, nakwambia muti utazaa ao hautazaa. Kusema kweli, mi ni wa Bukavu mujini, na mawese nilikuwa naijua ndani ya chupa.

Lakini shirika moja ya Lilongwe iliposema itatoa miche sita ya mawese kwa mwenye shamba yenye kufaa, hiyo habari ya chupa sikuitoa. Mukazana wangu Charlène, bibi ya mutoto wangu, njo alikuwa anaitaka ile miche. Kila juma anaenda mpaka soko ya Tsoka kule Lilongwe, ananunua mawese, anarudi kuuza hapa kambini, miguu imemuvimba kama mihogo.

"Mama," aliniambia, "mawese inazaa kisha miaka ine tu."

Mi niko na sabini na mbili. Nikamujibu sawa, tutaona kati yangu na muti nani atachoka wa kwanza.

Agronome, fundi wa kilimo wa ile shirika, Mrundi moja jina lake Sindayigaya, alikuja mwezi wa tano kuona kipande tunakodi nyuma ya nyumba. Akasema mawese inataka maji mwaka muzima, na hapa mvua inatuacha mwezi wa ine. Akasimika kijiti, akasema atarudi mwezi wa kenda kuchimba pale. Akikuta chini kuko unyevu, miche ni yetu. Akikuta kukavu, anaipeleka kwa wengine, kule Likuni.

Mwezi wa kenda ukafika, udongo mugumu kama tofali. Kumwaga maji safi, hapana. Kwa pompi tunapanga foleni tangu asubuhi; mutu akikuona unamwaga maji safi chini, anakupeleka kanisani bakuombee. Basi Charlène akafua nguo zote za nyumba siku tatu, hata zenye hazikuchafuka. Mi nikabeba ndoo ya maji ya kufulia, nikamwaga pale pale Sindayigaya alipoweka kijiti chake. Mugongo wangu haujanisamehe mpaka leo.

Sindayigaya akachimba mpaka magoti. Akaufinya udongo, ukashikamana. Akaunusa.

"Mama, hapa kuko chemchemi?"

"Iko. Tangu zamani."

"Na banasema we unaonja udongo."

"Naonja."

"Basi onja, mama. Unisaidie."

Charlène akaangalia vidole vyake vya miguu. Mi nikaweka kidogo kwa ulimi, nikameza. Sabuni ya unga, hata chumvi ya jasho haikukosa.

"Muzuri," nikasema. "Njo udongo wa mawese kabisa."

"Zikomo, mama," akanishukuru kwa Kichewa. Akainama tena shimoni, akatoa kitu, akakipangusa kwa kidole: kifungo cha bluu. Akakiangalia. Kisha akaangalia blauzi ya bluu ya Charlène, pale kwa kifua penye alikuwa amefunga na pini.