Neno la Soud

"Andika hivi," alisema Bi Time. "Radhi zangu hana. Mpaka aje na huyo nkewe, nimuone kwa macho yangu."

Kificho aliichovya kalamu, akaikung'uta ukingoni mwa kidau cha wino, wala hakuandika. Mteja akija na hasira alikuwa na desturi ya kumwacha aseme yote, kisha amuulize, "Sasa katika hayo, lipi ungependa lifike?" Nusu ya kazi yake ilikuwa hiyo. Watu wa Wete walidhani wanamwendea kwa hati yake nzuri, kumbe walimwendea kwa maneno aliyoyaacha.

Alikaa barazani kwa Sugrabai, mjane wa Kihindi mwenye duka la nguo, kwenye njia ya kwendea sokoni. Kwa kalamu ya mwanzi aliandika herufi za Kiarabu, na kwa kalamu ya chuma zile za kizungu, ambazo mwaka ule wa thelathini na sita ndizo zilizotakwa maofisini. Aliwaandikia watu maombi na rufaa, akazinyoosha barua zilizoandikwa na wengine, akiondoa matusi na kurudishia salamu. Alijivunia jambo moja tu: hajatokea mtu akamrudia na kusema, "Hili sikulisema mimi."

Bi Time alikuwa mkulima wa Kiuyu, na asubuhi ile alitoka kwake kwa miguu kabla jua halijachomoza. Mwanawe wa pekee, Soud, alivuka kwenda Tanga miaka miwili nyuma, kwenye mashamba ya mkonge. Hii ndiyo barua yake ya kwanza. Ililetwa na baharia mmoja, Mbarouk, ambaye alitiwa barua mkononi tu na mtu asiyemjua huko bandarini Tanga. Mbarouk alikuwa anarudi adhuhuri hiyohiyo, na jibu alitakiwa aondoke nalo, ampe mtu yuleyule.

Kificho alikuwa ameshaisoma mara moja, kwa ile sauti yake ya kusomea mambo ya watu:

"Mama, baada ya salamu. Nimeoa huku. Sikukusudia, ila yameshatokea. Usimwambie mtu. Usinitazamie kurudi. Nataka radhi zako, mama, na uniombee. Mwanao Soud."

"Moza kamngoja miaka miwili," alisema Bi Time. Moza alikuwa binti wa kaka yake, naye ndiye Bi Time aliyemposea Soud kabla kijana hajaondoka. "N'tamtazamaje kaka yangu?"

"Sasa, Bi Time, lipi ungependa lifike?"

"Hilohilo. Radhi hana. Na usininyooshee."

Kificho aliivuta barua ya Soud karibu ili apate pa kuanzia. Macho yake yakatua kwenye lile neno nimeoa, na safari hii yakabaki pale.

Hati ya Kiarabu, aliyoandikia Soud, haitofautishi o na u. Zote ni dhumma, kialama kile kimoja juu ya herufi. Aliyeandika ameoa na aliyeandika ameua wameandika kitu kimoja, nukta kwa nukta. Msomaji huamua kwa kutazama maneno ya jirani. Kificho alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi hii, akiwangoja majirani hao kila mara. Leo hakuwangoja. Alijua kijana yuko ugenini, akaona neno, akasoma harusi.

Sikukusudia. Usinitazamie kurudi. Uniombee.

Aliogopa. Aliogopa kama anavyoogopa mtu aliyekwisha kumeza kitu ndipo akaambiwa ni nini. Akinyamaza, na kumbe kijana anangoja kitanzi, mama huyu atampeleka mwanawe mbele ya Mungu bila radhi. Akisema, na kumbe kijana ameoa tu, atakuwa amemvisha damu mtoto wa watu kwa mdomo wake. Ilikuwapo njia ya tatu, nayo ilikuwa rahisi: aandike radhi nimekupa, amsomee radhi huna, aifunge. Kalamu ilishagusa karatasi, wino umeanza kutanuka. Akainyanyua.

"Bi Time, pengine nimekusomea vibaya."

"Vibaya vipi?"

Hakuweza kulitamka. Aliigeuza barua, akamwekea kidole. "Soma mwenyewe. Hapa."

Bi Time alihitimu msahafu akiwa msichana, ila barua hakuzizoea. Aliinama, akasoma kwa mahadhi ya chuoni, silabi moja moja, na chuoni kila dhumma husomwa u.

"Ni-me-u-wa."

Akaanza tena kutoka mwanzo wa mstari, akafika palepale, akaondoa kidole.

"Ndivyo lilivyo?"

"Lasomeka mara mbili. Wallahi sijui ni lipi." Kificho alikuwa karibu ya kulia. "Labda tumuulize."

"Tumuulize nini? Umeoa au umeua?"

Kificho akatazama chini. Kwa hati hiyo hata swali lenyewe lingekuwa neno moja lililoandikwa mara mbili. Herufi za kizungu Soud hakuzijua; angemtafuta mtu wa kumsomea, na mtu huyo angekuwa nani?

Bi Time alijitanda vizuri, akakaa wima.

"Andika. Mwanangu Soud, ulonambia nimeyasikia. Radhi nimekupa, za mbele na za nyuma. Maziwa ulonyonya nimekuhalalishia. Mie mamako."

Kificho aliandika yote, hakupunguza neno. Alipomaliza alimsomea, mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Sasa n'somee tena ile yakwe. Kama ulivyoisoma mwanzo."

"Mama, baada ya salamu," alisoma Kificho, na sauti haikuwa ile ya kazi. "Nimeoa huku."

"Basi. Hapo panatosha."

Mbarouk alipita, akapewa jibu, akashika njia ya bandarini. Bi Time hakuondoka. Alisimama mlangoni mwa duka, akafungua fundo la kanga yake.

"Nipe doti nzuri," alimwambia Sugrabai. "Ya nkaza mwanangu."

"Soud ameoa? Mbona hatukusikia?"

"Kaoa. Huko Tanga."

Kificho alisikia, akajua. Sugrabai hakuwa mtu wa kukaa na habari. Alasiri haitaingia kabla habari haijafika Kiuyu, kwa kaka mtu, kwa Moza. Bi Time alilijua hilo kuliko yeye. Aibu yote ya posa iliyovunjika ameibeba kichwani mwenyewe, mchana kweupe, ili neno lile asilisome mtu vingine.

Sugrabai akatandaza kanga juu ya meza. Bi Time akachagua nyekundu yenye pindo jeusi, akaifungua, akaipitisha mkononi taratibu mpaka akafika kwenye maandishi yake ya Kiarabu. Alipitisha kidole juu ya herufi, ya kwanza mpaka ya mwisho. Hakumwita Kificho aje amsomee.