Matandazo ya Shemeji

Tuanze na ukweli, tusichoshane: siku ile mjinga alikuwa Breki. Hata yeye mwenyewe siku hizi hakatai, ila akikubali hukunja uso kama mtu aliyetafuna kwinini.

Jina hilo alilipata kazini. Miaka thelathini na moja aliendesha lori la mizigo, na wenzake walimjua kwa jambo moja: alifunga breki akishagonga. Lori lilipomchoka, alihamia kwa binti yake mjini, akalala kwenye kochi la sebuleni miezi minane, huku mkwewe akilikagua bakuli la sukari kila asubuhi kama ofisa wa forodha. Siku sukari ilipohamishiwa chumbani na kufuli juu yake, Breki alielewa somo. Alifunga virago, akarudi kwa mama yake mzazi kudai ardhi.

Ardhi yenyewe ilikuwa ekari mbili za udongo mwekundu, mahali ambapo mvua huja kama mgeni mwenye haraka, hata kiti hakalii. Kaka yake Breki alikuwa amefariki, na kwa misimu sita mjane wake ndiye aliyeilima. Mahindi ya shamba hilo yaliwalisha watoto wake watatu, yakamlisha na mama mkwe, ambaye hakuwahi kusema asante kwa sababu hakuona kwamba mkwe hushukuriwa.

Breki alidai shamba lote. Alisema ardhi ni ya damu, na shemeji si damu. Mama aliwasikiliza wote wawili huku akichambua maharage, kisha akatuma kamba iletwe, shamba likagawanywa katikati. Walime msimu mmoja, kila mtu upande wake. Atakayevuna zaidi, lote lake. Mwenzake atafute kwa kwenda.

"Mimi nimezeeka, nina upendeleo," alisema mama. "Njaa haina. Iacheni ichague."

Shemeji aliinuka akaenda kunoa jembe.

Kabla ya mvua alichimba mashimo, akatia katika kila moja makopo mawili ya samadi iliyokaa lundoni tangu mwaka jana, nyeusi, imevunjikavunjika, hainuki tena. Breki aliegemea uzio akamuuliza kama anapanda mahindi au anazika kuku. Yeye alilimisha kwa trekta, akamwaga mbegu, akaenda kulala. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, mahindi ya pande zote mbili yalitoka mazuri, na Breki akaanza kuwaonyesha wapita njia mahali atakapojenga nyumba.

Mvua ya tatu ilipokwisha, shemeji aliingia shambani tope likimfika vifundoni, akaanza kutandaza mabua ya mwaka jana na majani makavu kati ya mistari. Alitandaza siku mbili. Hapo Breki alicheka mpaka akashika mbavu. Alitangaza kwa kila jirani kwamba marehemu kaka yake amemwachia kichaa anayevisha udongo nguo. Mbele ya watoto wa shemeji alisema kwamba baba yao, kama angejua, angekufa mapema zaidi. Mtoto wa kati alilia. Breki alimwambia machozi hayo ayahifadhi, yatamwagilia mahindi.

Halafu mvua ikakata.

Wiki ya kwanza Breki alisema ni kawaida. Wiki ya pili majani ya mahindi yake yalijikunja kama sigara kila ikifika saa nne. Wiki ya tatu hayakujikunjua hata alfajiri. Ng'ambo ya kamba, mahindi ya shemeji yalikuwa ya kijani kibichi, yamemfika kiunoni, yanamwangalia Breki kwa dharau. Akaanza kuota lile kochi. Akaota na kufuli.

Ndipo binti mdogo wa shemeji alipopandwa na homa, akalazwa hospitali, na mama yake akabaki naye wodini siku nne. Mtu mwingine angepeleka uji. Breki alipeleka toroli shambani.

Mchana kweupe, jua la utosi, aliyazoa matandazo yote ya shemeji. Toroli lake lilivunja mistari miwili ya mahindi njiani, naye hakugeuka kuangalia. Mama alipouliza, alimjibu kwamba mabua yale yalikuwa yanafuga nyoka, na yeye amewaonea huruma watoto. Akayatandika upande wake, manene kama godoro, akayasogeza hadi kwenye mashina, akayakanyagakanyaga yakae. Udongo chini yake ulikuwa mkavu kama majivu ya jana. Jioni ile alilala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Kesho yake manyunyu yalianza. Yalinyunya siku mbili, mepesi, ya kulowesha shati tu. Breki alisimama barazani akiyapokea kwa viganja, akishukuru kwa sauti ili asikike.

Manyunyu yalidondoka juu ya lile godoro, mabua makavu yakayanywa yote, jua likatoka, likayakausha. Chini hakikufika hata tone. Upande wa shemeji, maji yaliangukia udongo mtupu, yakazama mashimoni, samadi ikayashika. Shemeji alirudi na mtoto wake mgongoni, akatazama shamba lililovuliwa, akatazama ng'ambo ya kamba. Hakugombana. Alimlaza mtoto, akashika mundu, akakata nyasi kando ya barabara mpaka mikono ikachanika, akafunika upya kabla udongo haujakauka.

Mchwa nao walikuja kwa Breki. Walianza na mabua, na walipofika kwenye mashina ya mahindi yaliyokwisha kulegea kwa kiu, hawakuona sababu ya kubagua. Kila asubuhi mistari ilikuwa imelala chini. Breki aliisimamisha kwa vijiti. Ililala na vijiti vyake.

Siku ya kuvuna mama alikuja kwa fimbo yake, akapita upande mmoja, akapita wa pili. Kwa shemeji palikuwa na magunia kumi na moja, ingawa ile mistari miwili iliyovunjwa haikuzaa kitu. Kwa Breki palikuwa na debe moja la magunzi yenye meno machache, kama kinywa cha mzee. Mama alimwambia basi la mjini hupita saa tisa.

Breki hakuondoka kimya. Aliita majirani. Alisema haiwezekani: mabua ni yale yale, ya mwanamke yule yule, kwake yamestawisha na kwa Breki yameua, basi lazima ameyatia kitu. Aliapa kwa kaburi la kaka yake. Alimtaka shemeji aseme mbele ya watu ameweka dawa gani.

Shemeji alikuwa anafunga gunia. Alisema bila kuinua kichwa kwamba hakuna dawa. Matandazo hayaleti maji, yanayatunza yaliyopo, na ndiyo maana yeye hufunika udongo ukiwa umelowa, na haweki mabua karibu na shina. Jirani mmoja alikohoa ili asicheke.

Breki alitazama barabara, akamtazama mama yake, ambaye alikuwa anasafisha tope kwenye ncha ya fimbo. Sauti yake ikapanda, ikakatika katikati.

"Sasa ulijua yote hayo, ukaniona naharibu, ukanyamaza? Mimi shemeji yako wa damu? Si ungeniambia!"

Shemeji alikaza fundo la gunia kwa meno, akatema uzi.

"Anayeomba huelekezwa, shemeji. Anayeiba hubeba alichokiona tu."