Marehemu wa Taarifa ya Saa Saba

Mwatum alifariki wakati wa taarifa ya habari ya saa saba mchana, akiwa uani kwake Matemwe anaanika mwani. Alimaliza kuuanika, akanawa mikono, akaingia ndani kupakua wali.

Redio ya mjini ilikuwa imetangaza kwamba katika kura za maoni za chama zinazokuja kinara ni Muhiddin, tajiri wa Kiembe Samaki, na waliobaki ni wasindikizaji tu. Aliyesema hayo ni Anwar, mtangazaji mwenye sauti tamu na miguu mivivu, ambaye hajawahi kukanyaga Matemwe. Uvivu huo ndio wanaouita uchambuzi. Mwatum, mmoja wa wasindikizaji hao, alikuwa akigombea kwa jambo moja: wodi ya wazazi haina maji, na mwenye uchungu huenda na dumu lake. Muhiddin hakujua hata wodi iko wapi.

Sichana, dada yake, alimshika mkono, akaona mapigo hakuna, akapeleka habari msikitini. Kisiwani vifo hutangazwa redioni, na redio ilikuwa imeshasema. Majirani walikuja na majamvi, wakasoma khitma, na Mwatum akawapikia kahawa. Kuzikwa alikataa, shekhe naye hakuona haja ya kumlazimisha. Muhiddin alileta gunia la mchele wa matanga, na redio ikausifu ukarimu wake.

Mwatum akampigia simu Anwar.

"Maneno yako yameniua," alimwambia. "Basi nitaje, uwaambie watu habari ya maji."

"Bi Mwatum, sisi hatuui mtu. Twasema tu nani yuko mbele. Na marehemu wana kipindi chao."

Siku ya kura wanachama walikusanyika skuli. Mwatum alisimama, akaeleza habari ya maji vizuri kuliko siku zote. Wanawake walilia, wanaume wakamwombea maghufira. Kisha wakampigia Muhiddin, kwani kura ya kumpa maiti ni kura ya kutupa, na hakuna aliyetaka kuitupa yake.

Nje, Rahila, jirani yake mwenye mimba ya miezi tisa, alimkumbatia, ingawa mwili wa marehemu ulikuwa wa baridi.

"Wallahi, dada Mwatum, ungekuwa hai ningekupa wewe."

Mwatum akamuuliza ni wangapi mle ndani waliokuwa na nia kama hiyo.

Rahila aligeuka, akawatazama wenzake wakitoka.

"Sote," alisema.