Mbweha, Bata na Nyumba ya Nzuguni

…na huyu naye anacheka, tena anacheka kabla ya wenye macho, jamani, Ruthu akamgeukia mumewe pale kwenye kochi la watu, meno yote nje, sikio ameelekeza kwenye televisheni, mtu ambaye hajaona hata kivuli tangu kabla Violeth hajazaliwa anacheka katuni, na sebule hii ya Methusela wa mahindi hapa Kibaigwa imejaa watoto wanaopiga makofi sakafuni, jenereta linanguruma nje, malori yanapiga honi barabara ya Dar, na Methusela mwenyewe amekwenda kutafuta shahidi, akirudi tu huyu Elisha wake ataweka dole gumba kwenye karatasi ya mauzo na nyumba yao ya Nzuguni itakuwa stoo ya magunia, leo hii, na mwenye nyumba anacheka. “Mama Violeth, sasa nini?” Sasa nini, kila dakika sasa nini… “Amevaa springi miguuni.” “Nani, bata?” “Mbweha, baba Violeth, nimeshakwambia mbweha ndiye anayefukuza, bata anafukuzwa.” “Mbweha wa wapi anavaa springi?” “Wa Kizungu,” akamjibu kwa mkato, na watoto wakaangua kicheko, sijui wanamcheka mbweha au wanamcheka yeye, mwanamke mzima aliyetoka Nzuguni na gauni lake la kanisani kuja kutangaza habari za mbweha.

Na utamwelezaje mtu upuuzi huu, wanyama wenyewe hawasemi neno, ni vishindo na filimbi tu, mbweha anamnyemelea bata, anajigonga mlangoni, mlango wenyewe kumbe umechorwa ukutani, anabanduka kama chapati, anajinyoosha, haya, anarudi na mzinga, mzinga unamlipukia usoni, anabaki macho tu kwenye masizi, na kufumba na kufumbua yuko msafi, ana kifaa kingine kipya, hana haya, hachoki, hajiulizi… “Lakini hivi vyombo vyote anapata wapi?” akauliza Elisha, “ananunua,” “basi mwenye hela ya mzinga si aende buchani?” na Dorkasi, mke wa Methusela, aliyekuwa anaingia na soda, akacheka mpaka chupa zikagongana kwenye sinia. Haya, wafurahishe wenye kwao, mcheshi wa watu, wewe hujui nani amekufikisha hapa, nani alikuwa anakuwekea yale matone ya hospitali ya misheni asubuhi na jioni, nani alikushika mkono kwenye mkutano wa injili tukasukumwa mpaka jukwaani na mchungaji akapiga kelele ona, ona, ukasema unaona rangi nyekundu kisha nyumbani ukasema ulimwonea huruma mchungaji, nani alikupeleka Kondoa kwa yule mzee wa mizizi, ukavimba kope wiki nzima, na sasa kwa kuwa serikali imeruhusu hospitali za watu binafsi kuna daktari Dar mwenye mashine ya mwanga, dada wa kwaya amesema kuna mtu alipona, presha ya macho hiyohiyo, nani amehangaika kumtafuta mnunuzi wa nyumba tupate hela ya daktari, mimi, na wewe kazi yako ni moja, sawa, mama Violeth, sawa, sawa, kila kitu sawa, kama mtu anayepelekwa kunyolewa…

“Karibu soda, kaka,” akasema Dorkasi, na Elisha akanyoosha mkono kwa adabu zote, mkono ukapita juu ya chupa, ukarudi, ukaigonga, soda ya chungwa yote kwenye kitambaa cheupe cha kufuma, “aa, samahani sana, dada,” akaanza kupapasa meza kutafuta aifutie nini, akagusa ua la plastiki nalo likaenda chini, watoto wakageuka, wakaona hiki ni kichekesho kuliko kile, na Ruthu akamshika kifundo cha mkono kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Tulia! Maana nyumbani hapapasi, hapo ndipo roho yake ilipouma, nyumbani anatoka kitandani mpaka mtungini bila kugusa ukuta, anachemsha chai, anambeba Violeth mgongoni gizani umeme ukikatika na kuwaambia wengine wapite wapi, ile nyumba aliifyatulia matofali mwenyewe wakati bado anaona, anajua mpaka tofali lililopinda, na wakiuza watakwenda kukaa kwa mama yake Ruthu Buigiri, chumba kimoja, vigoda na kuku njiani, atapapasa hivi hivi kila siku… lakini si ni mpaka apone, akipona si watajenga nyingine, akipona… “Sasa nini, mbona kimya?” “Amefika mwisho wa mlima amepitiliza, anatembea hewani.” “Hewani, na haanguki?” “Haanguki mpaka aangalie chini.” Filimbi ikashuka, kishindo, watoto wakapiga kelele, na Elisha, safari hii, hakucheka, alifikiri kwanza.

“Basi angekuwa mimi angevuka.”

Sebule nzima ikalipuka, Dorkasi akaziba mdomo kwa khanga, na Ruthu akataka kumtia kofi, wallahi, mbele za watu, halafu akaacha, maana uso wa Elisha ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kuvuka siku nyingi, na yeye hakuwahi kuutazama uso ule ila kukagua macho tu, leo yamekuwaje, yamepungua wekundu, na ni nani aliyesema Kondoa, ni nani aliyesema Dar, hebu kumbuka vizuri Ruthu, ni yeye mwenyewe, si Elisha, na kwa nini… kwa sababu alitaka aonekane, ndiyo hiyo, aseme ukweli, alitaka mumewe amwone kabla hajachakaa, mtu wa mwisho kumwona akiwa mzuri ni huyu, na anazeeka bila shahidi.

“Baba Violeth,” akamnong’oneza, “wewe mwenyewe unataka kwenda Dar?”

“Mimi?” Sikio bado liko kwenye televisheni. “Mimi nilikuwa nakusindikiza.”

Nakusindikiza! Miaka yote hii, mizizi, matone, jukwaa, anamsindikiza, na hakusema, mtu gani huyu, hasira zikampanda mpaka machozi yakamtoka, na kwenye skrini mbweha alikuwa anafungua sanduku jipya, na soda ilikuwa inadondoka mezani tone tone, na Methusela bado hajarudi, na Ruthu hakujua atamwambia nini akirudi na shahidi wake, atatukanwa, ataitwa mwanamke asiye na msimamo, sawa, atukanwe, nyumba hawauzi.