Kifua cha Bata

Nilizaliwa bila msuli wa kifua upande wa kulia, na vidole vya mkono huohuo ni vifupi, vimeshikana kwa ngozi. Daktari alisema jambo hili hutokea tu, mara chache sana, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini daktari alikuwa mtu wa Kairo. Sisi wa mji wa Dumyat tulikuwa na maelezo yetu.

Mama alipokuwa na mimba yangu alitamani kifua cha bata, hawa bata wetu wa kujazwa vitunguu. Bibi, mama yake Baba, akamwekea mgeni kifua, Mama akapewa shingo. Na kwetu nani asiyejua kwamba mjamzito akikosa alichotamani, mtoto hutoka na alama yake?

"Kifua umemnyima, miguu ya bata umempa!" Mama alimfokea Bibi, akimwonyesha vidole vyangu.

"Si ungesema! Mdomo ulikuwa nao wa kazi gani?"

Bibi alikufa hawajamaliza ugomvi huo. Mbele za watu Mama aliendelea kumlaumu marehemu, lakini mimi nilijua anajilaumu mwenyewe, kwa sababu alikuwa bibi harusi mgeni nyumbani na aliona haya kuomba. Mimi sikuwa na shida. Natengeneza viti, patasi naishika vizuri tu, na wenzangu wa karakana wakiniita Bata naitika.

Kisha mke wangu Rabab akashika mimba, na Mama akatangaza vita. Kila Ijumaa alichinja bata, akavuka barabara mwenyewe kumletea Rabab kifua kizima kwenye sahani.

"Kula, mwanangu."

"Mama, nimeshiba."

"Umeshiba wewe. Mtoto je?"

Nikinyoosha mkono, napigwa kofi. "Wewe umeshachelewa!"

Akazaliwa binti. Mama alimfunua palepale hospitalini, akambonyeza kifua kulia na kushoto, akahesabu vidole mara mbili. Vyote vilikuwepo. Nikangoja vigelegele. Badala yake akakaa kitandani, uso umemshuka.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema. "Ningefungua mdomo siku ile, mwanangu ungekuwa mzima."

Niliumia kuliko nilivyowahi kuumia kwa jina lolote la karakana.

"Mama," Rabab akasema kwa sauti ya uchovu, "usinikasirikie. Sikula hata kimoja."

"Nini?"

"Harufu yake ilikuwa inanitapisha. Nilikuwa nampa bawabu."

"Bata ishirini na nane! Bawabu!" Muuguzi akachungulia mlangoni. "Ndiyo maana mwanamume yule amefura vile! Sasa wewe ulikuwa unatamani nini?"

"Fesikh, samaki wa chumvi. Daktari alinikataza. Nimelilia miezi tisa, sijaonja mpaka leo."

Mama akamfunua mtoto upya. Akamgeuza mgongo, akampapasa makwapani, akachungulia nyuma ya masikio. Alikuwa anatafuta magamba, naapa. Hakupata hata moja.

Akanirudishia binti yangu taratibu. Kisha akaushika mkono wangu wa kulia, akauweka mapajani pake na kuutazama kidole kwa kidole.

"Kumbe sikukufanya kitu," akasema.

"Hukunifanya kitu, Mama."

Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Tulilia wote wawili, na muuguzi akatufungia mlango.